Tuiteni Mapema: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Studio za Filamu za Katuni

Kwa: Wakuu wa studio kubwa za filamu za katuni na wa huduma zinazosambaza filamu hizo mtandaoni
Kutoka: Wachoraji wa katuni, wafasiri na waigizaji wa sauti wa Afrika Mashariki
Yah: Uwakilishi wa watu wetu na lugha yetu katika filamu za familia

Ndugu wakuu,

Salaam. Filamu zenu za katuni, zile za safari, hatari na mtoto anayerudi nyumbani akiwa amekomaa, zinapendwa sana huku kwetu. Watoto huzitazama kwenye simu za wazazi, kwenye mabanda ya video na kwenye mabasi ya masafa marefu. Tunaona pia kwamba siku hizi mnajitahidi kuweka ndani yake watu weusi, bibi wenye vilemba, vijiji vya Afrika, pwani zenye majahazi. Juhudi hiyo tunaithamini. Ombi letu ni moja na barua nzima inalihusu: watu wa mahali mnapopachora waiteni mapema, wakati kazi bado inabadilika, na wapeni uwezo wa kuibadilisha.

Kwa kawaida mshauri wa utamaduni huitwa akiwa amechelewa. Mswada umefungwa, wahusika wamechongwa kwenye kompyuta, nyimbo zimerekodiwa. Anaonyeshwa dakika chache za filamu, anaulizwa kama kuna kinachokera, anajibu, anashukuriwa, jina lake linaandikwa mwishoni. Akisema kwamba bibi hawezi kumjibu mkwewe namna ile, au kwamba msiba hauendeshwi hivyo, anaambiwa haiwezekani tena.

Na kwa wakati huo ni kweli haiwezekani. Dakika 90 za filamu, kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde, ni fremu 129,600. Tukio likiwa bado kwenye stori bodi, michoro ya awali ya hadithi, mchoraji mmoja hulichora upya kwa siku chache. Likishapita animatiki (stori bodi iliyowekewa muda na sauti) na kamera ikapangwa, linaingia kwa mhuishaji, mtu wa kuwapa wahusika mwendo, ambaye hata akiwa hodari hutoa sekunde chache tu za kazi safi kwa wiki. Nyuma yake wanakuja watu wa nguo, wa nywele, wa mwanga, kisha kurenda, yaani kompyuta kuzalisha picha ya mwisho, ambako fremu moja inaweza kuishughulisha kompyuta kwa saa nyingi. Kubadilisha sekunde 20 katika hatua hiyo ni kuzirudisha idara nne au tano kazini. Hakuna mtayarishaji atakayekubali kufanya hivyo kwa ajili ya bibi na mkwewe. Kwa hiyo uwakilishi huwa umeshaamuliwa na kalenda ya uzalishaji kabla nia njema ya mtu yeyote haijapata nafasi.

Mwaka 1994 Disney ilitoa The Lion King. Waandaaji wake walikuja Kenya kutazama mandhari, wakachukua majina ya Kiswahili, Simba, Rafiki na Pumbaa, na wimbo wa kufungulia ukaimbwa kwa Kizulu, lugha ya watu wanaoishi maelfu ya kilomita kusini mwa mbuga hizo. Kazi ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini, katika muziki ule ni kubwa na hatuna neno nayo. Lakini binadamu hayumo. Miaka mitano baadaye Tarzan ikaiweka hadithi nzima katika msitu wa Afrika bila Mwafrika mweusi hata mmoja. Mwaka 2005 wanyama wa Madagascar wakafika kisiwani wakawakuta lemuri; Wamalagasi hawakuonekana. Mtoto wa Narok au Loliondo, ambako mifugo, wanyamapori na watu wameishi pamoja tangu zamani, hufundishwa na picha hizo kwamba nchi yake inapendeza ikiwa haina watu.

Ushahidi kwamba inawezekana kufanya vinginevyo upo, na si wa jana. Mwaka 1998 Mfaransa Michel Ocelot alipotoa Kirikou et la Sorcière, hadithi ya kijiji cha Afrika Magharibi, sauti za Kifaransa zilirekodiwa Dakar kwa waigizaji na watoto wa Senegal, na muziki akapewa Youssou N'Dour. Katika Moana ya 2016, Disney iliunda kundi la washauri wa Pasifiki lililoitwa Oceanic Story Trust. Michoro ya mwanzo ilimwonyesha Maui, shujaa wa simulizi za Pasifiki, akiwa na upara. Washauri wa Tahiti wakapinga, naye akapewa nywele ndefu. Ilibadilika kirahisi kwa kuwa ulikuwa bado mchoro. Ushauri huohuo haukuzuia bidhaa za madukani: Septemba 2016 vazi la watoto la Maui, lililokuwa na ngozi ya kahawia yenye tatuu, liliondolewa sokoni baada ya watu wa Pasifiki kulalamika. Somo tunalolipata hapo ni la utaratibu. Mshauri asiyepitia vinyago, nguo na mabango ameachiwa nusu ya kazi.

Mfano wa kuchelewa nao upo. Katika trela ya Ralph Breaks the Internet ya 2018, Tiana, msichana mweusi wa The Princess and the Frog, alionekana na ngozi iliyopauka na pua nyembamba kuliko ya filamu yake ya 2009. Watu wakalalamika, mwigizaji wake wa sauti, Anika Noni Rose, akazungumza na studio, na Tiana akarekebishwa filamu ikiwa karibu kutoka. Iliwezekana kwa sababu yeye si mhusika mkuu wa filamu ile. Angekuwa ndiye mwenye hadithi, asingerekebishwa.

Tuanze na nywele, maana hapo ndipo makosa hufanyika mapema kuliko kwingine kote na hayaonekani hadi mwisho. Programu nyingi za nywele hufanya kazi kwa nywele ongozi: mchongaji hupanga mamia au maelfu kadhaa, kisha kompyuta hujaza zile zilizobaki katikati, hadi kufikia 100,000 hivi za kichwa cha binadamu. Njia hii iliundwa ikiwaza nywele zilizonyooka au zenye mawimbi, ambako kila unywele hufuata jirani yake. Nywele za kipilipili hazifuati. Watafiti Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale na A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, pamoja na wenzao, walieleza mwaka 2024 jinsi zinavyokaa hasa. Karibu na ngozi ya kichwa kila unywele unaelekea kwake. Kadiri zinavyokwenda nje ndipo zinapojikusanya na kuzunguka pamoja kuwa vishungi. Katikati ya urefu msokoto unaweza kugeuka upande, kutoka kulia kwenda kushoto. Na nywele nyingine hukosa mzunguko mmoja na kuchomoza nje ya shungi, ndizo zinazofanya ule ukungu mwepesi unaouona kichwa kikisimama mbele ya jua.

Programu isiyojua mambo hayo hutoa moja kati ya sura mbili. Ya kwanza ni sponji: kichwa cheusi kilichofungwa, mwanga haupiti, kikisogea kinasogea chote pamoja. Ya pili ni springi za chuma: vishungi vyote vya unene mmoja, vikianza kuzunguka palepale kwenye ngozi. Kuna pia sababu ya hesabu. Unywele ulionyooka unaweza kuelezwa kwa nukta 15 au 20 zinazounganishwa kwa mstari. Wa kipilipili wenye mizunguko 40, ukihitaji nukta nane kwa kila mzunguko ili usionekane una kona, unataka nukta 320. Mtayarishaji akiliona hilo mwezi wa mwisho, jibu lake litakuwa kumnyoa mhusika au kumfunga kilemba. Huenda ndiyo maana wasichana weusi wengi wa katuni wana nywele zilizofungwa nyuma.

Msituambie haiwezi kufanyika. Kwa ajili ya nywele nyekundu zilizojisokota za msichana mmoja wa Scotland, katika filamu ya Brave ya 2012, Pixar iliandika programu mpya kabisa ya kuzichezesha, kazi ya miaka. Fedha na muda vilipatikana kwa sababu nywele zile ziliamuliwa kuwa sehemu ya hadithi tangu mwanzo.

Kwa vitendo tunapendekeza hivi. Msusi alipwe na aitwe kabla mchongaji hajaanza, asuke kichwa cha mtu halisi mbele ya kamera za pembe zote, na kila hatua irekodiwe: kugawa, kuchana, kushika mzizi, kumalizia. Mchongaji akijua kwamba twende kilioni huanza kwa kugawa mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji, na kwamba ngozi huonekana kati ya mistari, hataisuka juu ya kichwa kilichojaa nywele. Nywele za kufungwa kwa uzi zina ugumu wake. Husimama na kupinda zinapofikia, hazipeperuki. Mhusika akilowa mvua, kipilipili husinyaa na kuwa kifupi, hakinyooki wala kulala usoni. Hii ya mwisho hukosewa karibu kila mahali, na filamu za safari haziishi mvua na mito.

Ngozi inahitaji maneno machache zaidi ya yale yanayosemwa kila siku. Kompyuta huigiza ngozi kwa kuuacha mwanga uingie, usambae ndani na utoke, jambo linaloleta wekundu laini wa masikio na pua. Kwenye ngozi nyeusi melanini hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo, na kinachoipa uhai ni mng'ao wa juu: paji la uso, mfupa wa shavu, bega lililopakwa mafuta. Mtu wa mwanga akitumia mipangilio ileile kisha akaongeza mwanga wa picha nzima ili mhusika aonekane, ngozi inakuwa ya kijivujivu na anga nyuma inaungua. Afadhali aweke chanzo kikubwa cha mwanga upande, kitu cha rangi ya joto cha kuurudisha, na nyuma ya kichwa aweke ukuta au anga nyepesi kidogo kuliko uso. Usiku wa mbalamwezi ndio mtihani, kwa kuwa bluu ya katuni huua kahawia. Viganja na nyayo ni vyepesi kuliko mwili, vifundo vya vidole vimekoza, ufizi si lazima uwe wa waridi. Kabla ya kuidhinisha sura, wasimamisheni watu wote wa familia hiyo pamoja, kwani hakuna familia yenye rangi moja, kisha wapigeni jua la adhuhuri, taa ya chemli na mwezi. Tazameni matokeo kwenye simu ya bei nafuu pia. Watoto wetu wengi watawaona wahusika hao kwenye kioo cha simu, mchana, dirisha likiwa wazi.

Nguo tuzungumzie kanga peke yake. Huuzwa doti, vipande viwili. Kila kipande kina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati na jina lililoandikwa juu ya pindo la chini. Modeli nyingi za katuni huundwa kwa kugeuza nusu ya mwili kuwa nusu ya pili, na picha ya kitambaa ikifuata mgeuzo huo, jina husomeka kinyumenyume upande mmoja. Kitambaa kipewe ramani yake bila kugeuzwa. Jina liwe la Kiswahili cha kweli, na lichaguliwe na mtu anayejua linamwambia nani na kwa nini, maana mke mwenza atalisoma na jirani atalisoma. Likiandikwa herufi za kujazia nafasi, watazamaji watasitisha picha ili walisome, na hasira yao itakuwa ya haki.

Vyombo vya baharini tunavitaja kwa ufupi. Ngalawa ina mirengu miwili, mbao za kuelea pembeni. Jahazi lina tanga la pembetatu. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za nazi, ulikuwa na tanga la mraba la mkeka na sasa hauko tena majini. Hadithi ya Lamu ya kale yenye jahazi la watalii haihitaji hata mshauri, inahitaji mtu aingie makumbusho.

Adabu ni ngumu kuliko nguo kwa sababu inakula muda. Mtoto wa Tanga au Unguja akiingia penye wazee hutoa shikamoo na kusubiri marahaba. Hizo ni sekunde mbili, fremu 48, na zisipokuwemo kwenye animatiki haziwezi kuchomekwa baadaye bila kusogeza muziki wa tukio zima. Mama hatajwi kwa jina lake mbele ya watoto. Ni Mama Asha. Kitu hupokewa kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili, na mhuishaji aliyejirekodi ofisini kwake ili apate mwendo wa mkono hatalijua hilo. Kuna jambo kubwa zaidi, la muundo wa hadithi. Safari nyingi za katuni huanzia kwa mtoto anayewakaidi wazee wasiomwelewa. Huku kwetu kuna mlango mwingine, tena wenye utamu: kati ya bibi, babu na wajukuu kuna utani, na utani huo huruhusu mengi ambayo baba na mama hawayaruhusu. Bibi ndiye msiri wa safari. Mwandishi anayelijua hilo mwezi wa kwanza ana filamu tofauti kabisa mkononi.

Tunaomba pia mhesabu jambo moja dogo animatiki ikiwa tayari: mhusika wenu mweusi yumo ndani ya mwili wake kwa dakika ngapi? Tiana alikuwa chura kwa sehemu kubwa ya The Princess and the Frog. Katika Spies in Disguise ya 2019 mpelelezi mweusi aligeuzwa njiwa. Katika Soul ya 2020 Joe Gardner alitumia muda mrefu akiwa roho isiyo na sura yake. Kila filamu ilikuwa na sababu ya kihadithi, na Soul, iliyokuwa na Kemp Powers kama mwongozaji mwenza, ilionyesha kinyozi na mazungumzo yake kwa upendo ambao hatujauona mahali pengi. Zikiwekwa pamoja, hata hivyo, zinampa mtoto fundisho ambalo hakuna hata mwandishi mmoja kati yao aliyelikusudia. Dakika zikihesabiwa mapema, bado kuna nafasi ya kumrudisha mtu kwenye mwili wake.

Na watu wenye ualbino: msiwafanye wachawi wala viumbe wa ajabu. Wameshambuliwa na kuuawa katika nchi zetu kwa imani za namna hiyo. Mkiwachora, wapeni kofia pana, mikono mirefu na miwani, kwa sababu jua ni jambo zito kwao, kisha wapeni jambo la kufanya katika hadithi.

Sasa lugha. Mwaka 2019 Disney ilipotengeneza Frozen II ilitia saini makubaliano na mabunge ya Wasami, watu asilia wa kaskazini mwa Ulaya, wa Norway, Sweden na Finland pamoja na Baraza la Wasami, kundi la washauri lililoitwa Verddet likaundwa, na filamu ikatolewa kwa Kisami cha Kaskazini, lugha yenye wasemaji wasiofika 30,000. Moana ilisikika kwa Kitahiti, Kimaori na Kihawai. Tunawapongeza kwa moyo wote. Hakuna lugha ndogo mno kwa mtoto wake. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, na tangu 2021 shirika hilo limekipa siku yake, Julai 7. The Lion King ilipata toleo la Kizulu. Kiswahili, kilichotoa majina, hakikupata. Mwaka 2023 mkusanyiko wa filamu fupi kumi za Kiafrika ulitoka kwenye Disney+, huduma ya Disney ya filamu mtandaoni, ukiwa na jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na siku ulipotoka huduma hiyo haikuwa ikipatikana Kenya wala Tanzania.

Msidhani soko halipo. Kwa miaka mingi Wakenya wamemfuata DJ Afro akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Watanzania wamelipa kiingilio mabandani kumsikia Lufufu akifanya vivyo hivyo. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilirushwa TBC kwa sauti za Kiswahili ikateka nyumba. Azam TV imeonyesha tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili. Wafasiri na waigizaji wamo, wamefunzwa na kazi hizo. Wahuishaji nao wamo: vipindi vya Tinga Tinga Tales vilihuishwa Nairobi na kurushwa na BBC tangu 2010, na Ubongo Kids imetengenezwa Dar es Salaam tangu 2014.

Toleo zuri la Kiswahili linahitaji miezi minne, na linahitaji vitu ambavyo studio huwa haivitayarishi hadi iombwe. Kwanza ni sauti ya muziki na milio pekee, isiyo na mazungumzo. Mara nyingi makelele ya umati huachwa humo kwa Kiingereza, na matokeo yake ni soko la Kiafrika ambalo mhusika mkuu anaongea Kiswahili na wachuuzi wote nyuma yake wanapiga kelele za kigeni. Umati utengwe kwenye faili lake, urekodiwe upya kwa watu wanane au kumi. Pili ni picha zisizo na maandishi, ili mabango na barua ziandikwe upya. Tatu ni orodha ya mazungumzo yenye muda wa kila mstari na maelezo ya nani anamwambia nani, mkubwa au mdogo wake; bila hilo mfasiri hajui mahali pa shikamoo.

Kazi ya mdomo ina kanuni zake. Herufi b, m na p hufunga midomo, na uso ukiwa karibu na kamera mfasiri lazima aweke mojawapo pale mdomo unapofunga. Kiswahili kina urahisi wake hapo: m ya mtoto, mtu, mbali hutokea mara kwa mara. Ugumu ni urefu. Amri ya Kiingereza ya silabi moja, "Run!", ikifasiriwa "Kimbia!" inakuwa silabi tatu; "Mbio!" itaingia. Mhusika akigeuka mgongo au akiwa mbali, mfasiri ana uhuru na autumie kurudisha maana aliyolazimika kuibana. Watoto warekodiwe kwanza, vipindi visizidi saa mbili, na wavulana wa miaka 12 au 13 wamalizwe kwa wiki chache mfululizo kabla sauti haijavunjika. Mwongozaji wa kurekodi awe anakisema Kiswahili mwenyewe. Anayesikiliza kupitia mkalimani hawezi kujua kwamba sentensi imesemwa sawa ila haijasemwa na mtu.

Nyimbo ndizo hutuumiza zaidi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo za Kiingereza hupenda kumaliza mstari kwa silabi yenye mkazo, juu ya pigo zito. Ukiweka neno letu pale, ama silabi ya mwisho inabaki bila noti, ama mkazo unaruka pasipo pake na neno linasikika la mgeni. Dawa ni kuigawa noti ya mwisho mara mbili, au kuanza mstari nusu pigo mapema. Lakini kugawa noti ni kuugusa muziki wa mtu, na kunataka ruhusa ya mtunzi. Ruhusa hiyo iandikwe kwenye mkataba wake siku anapoajiriwa; akiombwa filamu ikiwa imekamilika, wanasheria watachukua muda mrefu kuliko kurekodi.

Kuhusu lahaja, tunajua mtauliza Kiswahili cha nani. Msimulizi na wahusika wakuu wazungumze Kiswahili sanifu, bibi wa Lamu azungumze Kiamu chake, fundi wa Mombasa Kimvita, mama wa Lubumbashi Kiswahili cha Kongo. Msikubali lafudhi ya mahali fulani ipewe mjinga au mwizi peke yake. Na mtafute waigizaji wanaofanana na maisha ya wahusika. Soul ilipotolewa kwa Kidenmaki na Kireno cha Ureno, Joe Gardner alipewa sauti za waigizaji weupe, na maelfu ya watu nchini Ureno wakatia saini malalamiko. Uangalifu wote wa studio ya Marekani ulipotea kwenye dawati la mkandarasi aliyeajiriwa miezi ya mwisho.

Yote haya yaingie kwenye mkataba, kwa sababu kisichoandikwa hukatwa bajeti inapobana. Washauri wasiwe mmoja. Angalau watano wa mahali husika, wenye umri na jinsia tofauti, na mmoja wao awe fundi wa kazi inayoonyeshwa, msusi, nahodha au mshonaji. Walipwe kwa siku, tangu muhtasari wa hadithi. Waone kila maonyesho ya ndani ya filamu, watoe maoni kwa maandishi, na wajibiwe kwa maandishi, hata jibu likiwa la kukataa. Wapitie michoro ya wahusika kabla haijachongwa, na bidhaa kabla hazijapelekwa kiwandani. Wawe na haki ya kuondoa majina yao wakiona walipuuzwa. Mikataba ya siri iishe siku filamu inapotoka, ili waweze kueleza walichoshauri. Toleo la Kiswahili liwe kwenye bajeti ya kwanza, pamoja na mahali litakapoonekana: sinema, runinga ya bure, na huduma inayofunguka Dodoma, Kisumu, Bujumbura na Goma.

Hatuombi mbadilishe filamu zilizokwisha. Chagueni moja iliyo kwenye hatua ya muhtasari sasa hivi, ambayo ndani yake kuna mtu wetu au nchi yetu, mtuandikie ni nani wa huku anayeusoma mswada huo na kama ana haki ya kusema hapana. Kama hayupo, tutawapa majina ya watu wanaoweza kuanza wiki ijayo.

Wenu katika kazi,

Wachoraji, wafasiri na waigizaji wa sauti wa Afrika Mashariki